Samaki, DNA na Swali Ambalo Maabara Huliacha Njiani

Tone moja la damu ya samaki, likipakwa kwenye kioo, likakaushwa na kutiwa rangi, humwonyesha mtafiti jambo ambalo damu ya binadamu haiwezi kumwonyesha kwa wepesi ule ule. Chembe nyekundu za damu za mamalia hutupa viini vyake kabla ya kuanza kazi ya kusafirisha oksijeni, na kwa hiyo hazina tena DNA ya kukaguliwa. Chembe nyekundu za samaki, kama zile za ndege na mijusi, hubaki na kiini mpaka mwisho wa uhai wake. Mtu mwenye hadubini ya kawaida, sindano nyembamba na subira ya kuhesabu maelfu ya chembe anaweza, kwa tone hilo tu, kutambua kwamba maji aliyoishi samaki yule yamemdhuru hadi ndani ya kiini cha seli, ingawa kwa nje bado anaogelea na kula kama kawaida.

Urahisi huo umezaa tafiti nyingi mno za mtindo mmoja. Samaki huwekwa kwenye matangi ya kioo, kemikali moja humiminwa kwa viwango vitatu au vinne, siku nne hupita, damu huchukuliwa, na jibu hutolewa kwamba kemikali ile inaharibu DNA. Sina ugomvi na ukweli wa majibu hayo. Ninachokitilia shaka ni ukamilifu wake. DNA ya kiumbe hai huvunjika na kuungwa kila siku, hata ndani ya maji safi kabisa. Kinachoamua uzito wa madhara ya kichafuzi ni namna mwili unavyomudu kuunga kilichovunjika, kwa kasi gani na kwa usahihi gani, na kile kinachosalia baada ya kazi hiyo kwisha. Hilo ndilo swali ambalo maabara nyingi huliacha njiani, na linasikitisha zaidi kwa kuwa samaki ni miongoni mwa wanyama wanaoweza kulijibu vizuri.

Sababu za kumchagua samaki zinaeleweka. Maji hupita kwenye matamvua yake mchana na usiku, yakitenganishwa na damu kwa utando mwembamba sana, na kilichoyeyuka majini hupata njia fupi ya kuingia mwilini. Hula viumbe vingine vilivyokwisha kujirundikia sumu, na baadhi ya jamii zake hulala juu ya mashapo ambamo vichafuzi visivyoyeyuka hutuama kwa miongo. Lakini sababu iliyo muhimu kuliko zote, kwa maoni yangu, iko kwenye ini, na iligunduliwa kwa njia ya msiba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, trauti wa upinde wa mvua waliokuwa wakifugwa nchini Marekani walianza kuonekana na uvimbe wa saratani ya ini kwa wingi usio wa kawaida. Uchunguzi ulielekea kwenye chakula chao: mashudu ya mbegu za pamba yalikuwa yameota kuvu, na kuvu hiyo ilikuwa imezalisha aflatoksini, ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa jina la sumukuvu. Ikadhihirika kwamba trauti ni mmoja wa wanyama wepesi mno kudhurika na aflatoksini B1, kiasi kwamba sehemu chache tu kwa kila bilioni ya chakula zilitosha kumsababishia saratani. Watafiti wa Oregon State University, akiwemo Russell Sinnhuber, walimtumia samaki huyo kwa miaka mingi kuchunguza jinsi saratani inavyoanza. Mwaka 1965, Mearl Stanton alionyesha kwamba hata Danio rerio, yule samaki mdogo mwenye mistari anayeitwa samaki pundamilia, hupata uvimbe wa ini akiwekewa majini dayethilinitrosamini, kemikali inayosababisha saratani.

Fundisho la trauti lilikuwa hili: aflatoksini yenyewe, jinsi inavyoliwa, haishiki DNA. Ini ndilo linaloigeuza. Vimeng'enya vinavyopaswa kuifanya sumu iyeyuke na kutoka mwilini huipitisha kwanza katika umbo kali, na umbo hilo hung'ang'ania guanini, mojawapo ya besi nne za DNA. Mambo huwa hivyo hivyo kwa benzopireni, kichafuzi kinachotokana na moshi, lami na mafuta yaliyoungua nusu. Kimeng'enya kiitwacho CYP1A huanzisha mageuzi yake katika ini la samaki kama kinavyofanya katika ini la binadamu, na kile kinachozaliwa njiani hujibandika kwenye guanini na kuacha kiambata ambacho seli lazima ikikate na kukiondoa. Kwa hiyo mtu anayepima kemikali juu ya DNA tupu ndani ya chupa anaweza kusema haina neno, na akawa amekosea kabisa, kwa sababu ameondoa kiungo kinachotengeneza hatari yenyewe. Samaki mzima huja na ini lake, figo zake, damu yake na ukarabati wake, na thamani yake yote kama mnyama wa kuchunguzia imo katika ukamilifu huo.

Ni muhimu kuelewa vipimo viwili vinavyotumika zaidi, maana hoja yangu inategemea tofauti iliyopo kati yake. Cha kwanza ni cha viini vidogo. Seli inapogawanyika, kipande cha kromosomu kilichokatika, au kromosomu nzima iliyokosa kushikwa na nyuzi zinazozivuta kromosomu pande mbili, huachwa nyuma na kujifungia peke yake kama kijiduara pembeni mwa kiini kikuu. Kipimo hiki kilijengwa katika miaka ya 1970 kwa kutumia uboho wa panya. Mwaka 1982, watafiti wawili, Hooftman na de Raat, walichapisha matokeo yake katika damu ya samaki aitwaye Umbra pygmaea, waliyemwekea kemikali inayojulikana kuharibu DNA. Jamii ya samaki hao ilikuwa imekwisha kuwavutia wachunguzi kwa sababu ina kromosomu 22 tu, tena kubwa, ilhali samaki pundamilia ana kromosomu 50 ndogo zinazochosha macho. Uzuri wa viini vidogo ni kwamba mhesabuji hahitaji kuzitambua kromosomu moja moja, na hivyo karibu kila jamii ya samaki ikaweza kutumika.

Cha pili ni kipimo cha kometi, kilichoelezwa kwanza na Östling na Johanson mwaka 1984, kisha kikaboreshwa na Narendra Singh na wenzake mwaka 1988 kwa kutumia kimiminika chenye alkali. Seli moja moja hutandazwa ndani ya jeli, utando na protini zake huyeyushwa, na mkondo wa umeme hupitishwa. DNA ina chaji hasi, hivyo vipande vilivyolegea au kukatika huvutwa kuelekea upande wa chaji chanya na kutengeneza mkia nyuma ya kichwa kinachong'aa, sawa na nyota yenye mkia angani. Kadiri mikato inavyokuwa mingi, ndivyo DNA inavyozidi kuhamia mkiani.

Vipimo hivi huandikwa pamoja katika ripoti nyingi kana kwamba vinasema jambo moja kwa maneno mawili. Sivyo. Kometi husoma hali ya saa hii: mikato iliyopo katika seli wakati damu ilipochukuliwa, ambayo mingi yake inaweza kuungwa ndani ya saa chache. Kiini kidogo ni kumbukumbu ya jambo lililokwisha kutokea, yaani hitilafu iliyoponyoka ukarabati na kupita katika mgawanyiko wa seli, na ambayo haiwezi kurudishwa tena. Kati ya usomaji huo wa kwanza na huu wa pili ndimo ukarabati unamofanyika. Mtafiti aliyechukua damu mara moja tu, siku ya nne, ameona ncha mbili za njia lakini hakuona safari yenyewe.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na hawakusema kwamba kila wingu hunyesha. Mkia wa kometi ni wingu. Naamini kosa kubwa la uandishi katika uwanja huu ni kuuita mkia huo madhara na kuishia hapo. Seli inapoondoa kiambata cha benzopireni, hukata uzi mmoja wa DNA pande zote mbili za sehemu iliyoharibika, hutupa kipande hicho na kujaza pengo. Katika muda huo mfupi wa kukata na kujaza, seli inakuwa na mikato halisi, na kipimo cha kometi huiona. Mkia mrefu kwa hiyo unaweza kuwa ushahidi wa uharibifu unaoendelea, na unaweza vilevile kuwa ushahidi wa ukarabati ulio kazini. Picha hizo mbili ni sawa chini ya hadubini. Kinachozitofautisha ni muda, yaani jinsi mkia unavyobadilika baada ya samaki kuhamishiwa kwenye maji safi.

Kinyume chake pia ni kweli, na kinanitia hofu zaidi. Zipo kemikali zinazofunga nyuzi mbili za DNA pamoja au kuigandisha DNA kwenye protini. Formaldehidi ni mfano unaojulikana. DNA iliyofungwa hivyo haisogei vizuri katika jeli, na mkia wake huwa mfupi kuliko hata ule wa samaki wa kundi la kulinganishia. Msomaji asiyejihadhari ataiona kemikali hiyo kuwa salama kuliko maji ya bomba. Wataalamu wana njia ya kulitambua hilo, kwa kuzipiga seli kwa kiasi kinachojulikana cha mionzi kabla ya kupitisha umeme na kutazama kama mkia unaotarajiwa umepungua, lakini hatua hiyo hurukwa mara nyingi kwa kuwa inaongeza kazi.

Kisha kuna metali zinazoharibu kwa njia ya kuzuia. Kadimiamu na aseniki hazihitaji kukata DNA zenyewe ili ziwe hatari. Hudhoofisha protini zinazofanya ukarabati, na mikato ambayo kwa kawaida ingeungwa hubaki wazi. Aseniki inajulikana kwa kuzidisha madhara ya miale ya urujuanimno na ya kemikali nyingine hata pale ambapo yenyewe, kwa kiwango hicho hicho, haionyeshi makali makubwa. Samaki akiwekewa aseniki kidogo peke yake katika maji safi ya maabara kwa siku nne, matokeo yanaweza kuwa ya kawaida sana. Mtoni hakuna aseniki iliyo peke yake. Humo hukutana na mabaki ya mafuta, viuatilifu, maji ya viwandani na jua kali, na kazi yake humo ni kumfunga mikono fundi anayeziba nyufa zinazofanywa na wengine. Utafiti unaohesabu mikato tu hauna namna ya kumwona mhalifu wa aina hii, lakini utafiti unaopima kasi ya ukarabati humwona mara moja.

Ni lazima pia tukiri kwamba ukarabati wa samaki haulingani na wa kwetu kila mahali. Samaki wanacho kimeng'enya kinachotumia nguvu ya mwanga kunyoosha kasoro ambazo miale ya urujuanimno huzifanya katika DNA, moja kwa moja bila kukata chochote. Mamalia wenye kondo la nyuma, ambao sisi ni miongoni mwao, hawana kimeng'enya hicho kinachofanya kazi hiyo. Taa za chumba cha matangi, jambo ambalo ripoti nyingi hulitaja kwa mstari mmoja au zisilitaje kabisa, zinaweza basi kubadili matokeo ya jaribio lolote linalohusu miale hiyo. Joto la maji nalo lina uzito wake. Mwili wa samaki hufuata joto la maji yake, na seli zake hugawanyika polepole maji yakiwa baridi. Kwa kuwa kiini kidogo hakizaliwi bila seli kugawanyika, na chembe iliyokibeba lazima itoke katika figo, ambamo damu ya samaki hutengenezwa, na kuingia katika damu inayozunguka, idadi yake inaweza kufikia kilele baada ya siku kadhaa au hata wiki, kulingana na jamii ya samaki na joto. Anayechukua damu siku ya nne katika maji baridi anaweza kuandika kwamba hakuna madhara, na tatizo lake lote likawa ni kutosubiri.

Ushahidi kwamba mnyororo mzima, kuanzia kichafuzi hadi ugonjwa, unaweza kufuatwa umekuwepo kwa miongo kadhaa, na ulipatikana nje ya maabara. Katika Puget Sound, kwenye pwani ya kaskazini-magharibi ya Marekani, wanasayansi wa shirika la serikali la bahari na angahewa la nchi hiyo waliwachunguza samaki bapa wa jamii ya Parophrys vetulus wanaolala juu ya mashapo. Waliona uvimbe na kasoro za ini zikiongezeka pale ambapo mashapo yalikuwa na wingi wa hidrokaboni za pete nyingi, kundi la kemikali ambalo benzopireni imo, na wakapima katika maini hayo viambata vya DNA vilivyoachwa na kemikali hizo. Katika Eagle Harbor, ndani ya eneo hilo hilo, mashapo yaliyokuwa yamelowa kreosoti, mafuta ya lami ya kuhifadhia mbao, yalifunikwa kwa mchanga safi kuanzia miaka ya 1990, na katika miaka iliyofuata kasoro za ini zikapungua miongoni mwa samaki wa hapo.

Mto Black katika jimbo la Ohio una kisa kinachofanana na hicho, na mimi hukirudia mara kwa mara kwa sababu kina mapinduko yake. Kiwanda cha koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa kwa ajili ya kuyeyushia chuma, kilichokuwa kando ya mto huo kilifungwa mwaka 1983, na kiwango cha saratani ya ini miongoni mwa kambare wa kahawia wa mto huo kikashuka. Mwaka 1990, mashapo machafu yalipokuwa yakichimbwa ili yaondolewe, sumu iliyokuwa imetulia chini iliibuliwa, na kambare waliopitia kipindi hicho wakaonekana baadaye kuwa na uvimbe mwingi zaidi. Kizazi kilichozaliwa baada ya usafi kukamilika kikawa na afya bora. Tazama jinsi maswali yaliyoulizwa pale yalivyokuwa mapana: maini yalikaguliwa mwaka baada ya mwaka, umri wa samaki ulizingatiwa, na chanzo kilipoondolewa watafiti walikuwepo kuona kama mwili unapona. Jaribio la siku nne kwenye tangi haliwezi kufanya yote hayo, lakini linaweza kuiga sehemu moja ya hekima yake, ile ya kubaki na kutazama baada ya sumu kuondoka.

Samaki wa porini, hata hivyo, wana namna ya kumchanganya shahidi na hakimu. Katika Mto Elizabeth, jimboni Virginia, samaki wadogo wa jamii ya Fundulus heteroclitus wameishi vizazi vingi juu ya mashapo yenye kreosoti. Viinitete vyao huvumilia hidrokaboni kwa viwango vinavyoviua au kuvilemaza viinitete vya samaki wenzao wa maji safi. Utafiti wa jenomu uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba uvumilivu wa namna hiyo umejitokeza katika maeneo kadhaa machafu ya pwani ya Atlantiki, na kwamba mabadiliko yanarudia kugusa njia ile ile, ya kipokezi kinachoamrisha CYP1A itengenezwe. Huko katika Mto Hudson, samaki aitwaye tomkodi naye alipatikana, katika utafiti wa mwaka 2011, akiwa na upungufu mdogo katika jeni ya kipokezi kama hicho, unaomkinga dhidi ya PCB, kemikali za viwandani zenye sumu.

Maana yake ni nzito. Mfumo unaoigeuza benzopireni kuwa sumu ya DNA ukilegezwa, kipimo cha muda mfupi kitaonyesha samaki mtulivu katika maji yanayoua, na afisa anayesoma ripoti hiyo atayapasisha maji hayo. Ilhali samaki wazima wa jamii hiyo hiyo wa Mto Elizabeth wamepatikana na saratani ya ini. Uvumilivu uliokoa viinitete na haukuyaokoa maini ya wakubwa. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi zaidi kwamba jibu la siku chache na jibu la maisha yote yanaweza kupingana ndani ya mnyama mmoja, na kwa sababu hiyo napendekeza kila uchunguzi wa samaki wa porini uambatane na samaki wa jamii ileile waliolelewa kwenye maji safi na kuwekwa katika maji yanayochunguzwa.

Kuhusu samaki wa kutumia, mjadala umekuwa mrefu kuliko inavyostahili. Samaki pundamilia ana sifa zake: George Streisinger wa chuo kikuu cha Oregon alimfungulia njia katika maabara za jenetiki, jenomu yake iliyochapishwa kwa ukamilifu mwaka 2013 ilionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina angalau mwenza mmoja kwake, na viinitete vyake vinapitisha mwanga kiasi kwamba viungo huonekana vikiumbika. Medaka wa Japani alitumiwa na Akihiro Shima na wenzake kupima mabadiliko ya kudumu ya jeni yanayorithishwa na uzao, na matokeo ya kazi hiyo ya kutumia mionzi yalichapishwa mwaka 1991. Mwaka 2000 makundi mawili tofauti, moja likitumia samaki pundamilia na jingine medaka, yalitangaza samaki waliowekewa jeni ya kigeni inayoweza kutolewa na kukaguliwa kama imebadilika. Hao wanajibu swali la kilichosalia baada ya ukarabati kuliko kipimo chochote cha damu. Lakini ni samaki wadogo mno, na kumtoa damu mara nyingi samaki mwenye urefu wa sentimita tatu au nne bila kumuua si jambo jepesi. Perege na kambare, wanaotumika sana katika tafiti za maji ya nchi za joto, wana faida ambayo haisemwi vya kutosha: mshipa wa mkia wao unaweza kutoa damu kidogo, na samaki akarudishwa tangini akiwa hai.

Faida hiyo inagusa suala la huruma kwa wanyama, ambalo sitaki lionekane la ziada. Mwaka 1959, William Russell na Rex Burch waliweka kanuni tatu zinazofuatwa hadi leo: kutafuta mbadala wa mnyama, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza maumivu yao. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 inawalinda samaki kuanzia pale vifaranga vinapoanza kujilisha, na kwa samaki pundamilia hali hiyo huhesabiwa kuanzia takriban siku ya tano baada ya kutungishwa kwa yai. Wengi wamekimbilia viinitete kwa sababu hiyo, na kwa mambo mengi wamefanya vyema. Katika suala letu kuna mipaka: ini la kiinitete cha siku mbili halijakomaa, na utando wa yai huzuia baadhi ya molekuli kubwa kuingia. Microlita moja ya damu ya samaki ina takriban chembe nyekundu milioni moja au zaidi, wakati kipimo cha kometi kinahitaji sehemu ndogo mno ya hizo. Samaki mmoja mkubwa akitolewa damu kabla ya jaribio, wakati wa jaribio na baada ya kurudishwa kwenye maji safi, huwa kigezo cha kujilinganisha mwenyewe, na idadi ya samaki wanaohitajika hupungua. Anayetaka kupima ukarabati na anayetaka kupunguza mateso wanajikuta wanahitaji mpango mmoja wa kazi.

Mpango huo hautafanikiwa iwapo misingi ya kawaida itapuuzwa, na nasema hivi kwa uzito kwa kuwa ndipo tafiti nyingi zinapoanguka. Samaki kumi waliokaa katika tangi moja wameishi na kupumua katika maji mamoja. Kitakwimu, tangi ndilo la kuhesabiwa, na kuwahesabu kama mashahidi kumi huru ni kujidanganya. Katika samaki wa maji safi viini vidogo mara nyingi havizidi vichache kwa kila chembe elfu, kwa hiyo kuhesabu chembe elfu moja na kutangaza ongezeko ni kujenga nyumba juu ya mchanga. Anayehesabu asijue kioo kilicho mbele yake kimetoka tangi gani. Ukolezi wa kemikali upimwe majini badala ya kutajwa kwa kiasi kilichomiminwa, kwa maana baadhi ya vichafuzi hujibandika kwenye kioo cha tangi au hupaa hewani. Na ukolezi huo uwe karibu na ule unaokutwa katika mito na maziwa, kwa sababu kiwango kikubwa mno huua seli, na seli inayokufa hutoa mkia mkubwa usiohusiana na swali lililoulizwa.

Tuseme maabara moja imepima viuatilifu viwili kwa samaki wa jamii moja, na siku ya nne mikia ya kometi ikawa na urefu sawa. Kwa mtindo unaotumika sana leo, vyote viwili vitaingia kwenye jedwali vikiwa na neno moja mbele yake, kwamba vinaharibu DNA. Sasa samaki hao wahamishiwe kwenye maji safi, watolewe damu tena baada ya siku moja, siku saba na siku 21. Kwa kiuatilifu cha kwanza, mkia umerudi katika hali ya mwanzo kesho yake, na viini vidogo havikuongezeka hata mara moja katika wiki hizo tatu. Kwa cha pili, mkia umepungua kwa nusu tu katika siku saba, na kufikia siku ya 21 viini vidogo vimeongezeka mara kadhaa katika samaki ambao hawajaonja kiuatilifu hicho kwa muda wa wiki tatu. Damu iliyohitajika kuvitenganisha viuatilifu hivyo viwili, kwa kila samaki, ni matone matatu zaidi.